Mafundo ya dunia, rangi za Kibuye: mwongozo kamili wa kutia kitambaa rangi za mimea

Watu wengi wakijaribu rangi za mimea huanzia mwisho. Hukusanya maganda ya vitunguu, huyachemsha, hutumbukiza kitambaa na kufurahia ile dhahabu inayotoka. Wakishafua mara mbili tatu, kitambaa kimepauka, nao huamua kwamba rangi za mimea hazishiki. Zinashika. Kilichokosekana ni maandalizi. Siku ya kutia rangi ndiyo siku nyepesi kuliko zote katika kazi hii. Siku zilizoitangulia ndizo huamua kama nguo itadumu miaka au wiki. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye kuosha na kwenye shabu, ile chumvi inayoshikiza rangi kwenye nyuzi, halafu nije kwenye mafundo, mahali ambapo mikono ya Nigeria, India na Japani imetuachia mengi ya kujifunza.

Nikitaja mahali pa kupata vitu nitataja Kisumu na soko lake la Kibuye, lakini aliye Nakuru, Kakamega, Busia au Kisii atavipata vyote sokoni kwake.

Chagua kitambaa

Tafuta pamba tupu. Kaliko isiyopaushwa, ile mafundi wa cherehani wanayoiita marekani, ndiyo bora kuanzia. Jina hilo lilitokana na vitambaa vya pamba vilivyoletwa Unguja na meli kutoka Marekani katika karne ya 19, vikasafirishwa bara na misafara. Baadaye tulipata viwanda vyetu: Rivatex ya Eldoret ilianzishwa mwaka 1976 na kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Kisumu nayo ilikuwa na kiwanda cha nguo za pamba cha KICOMI, na kila nikifikiria pamba ya Siaya, Homa Bay na Busia naona uchungu kwamba kiwanda hicho kilifungwa.

Shuka kuukuu za mitumba nazo ni nzuri, mradi ziwe pamba. Usiamini maneno ya muuzaji wala lebo iliyofifia. Chomoa nyuzi chache pindoni, zishike kwa kibanio na uziwashe. Pamba huwaka upesi, hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini linalopeperuka. Poliesta huyeyuka, hunuka plastiki, na ikipoa huacha kidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Poliesta iache, kwa kuwa rangi za mimea zitatiririka juu yake na kuondoka. Ukichoma nyuzi zenye mchanganyiko wa pamba na poliesta utaona dalili zote mbili, na rangi yake itatoka nusu nusu.

Pima kitambaa kwenye mizani kikiwa kikavu. Hesabu zote hapa chini ni za robo kilo ya kitambaa, yaani gramu 250. Cha nusu kilo, zidisha mara mbili kila kitu.

Vyombo na maji

Unahitaji sufuria kubwa ya stili au ya enameli, ndoo mbili za plastiki, mwiko wa mbao, glavu na chujio. Sufuria za aluminiamu tunazopikia ugali zinafaa kwa maganda ya vitunguu, lakini usizitumie pamoja na magadi, maana magadi hula aluminiamu na kuifanya nyeusi. Chombo ukishakitumia kwa shabu au kutu, kisirudi jikoni kupikia. Kiwekee alama na kukitenga. Jiko liwe nje au mahali penye upepo.

Maji ya mvua ndiyo bora, na Kisumu haikosi mvua kuanzia Machi hadi Mei. Maji ya kisima yenye chuma huifanya njano iwe na weusi weusi, na mtu hubaki akilaumu vitunguu bure.

Siku ya kwanza: kuosha hasa

Pamba hata ikionekana safi ina nta yake ya asili, na kitambaa kipya kina wanga wa kiwandani. Rangi ikikutana na nta hukaa juu juu. Kufua kwa kawaida hakutoshi. Kitambaa lazima kichemshwe.

Chukua magadi meupe, yale yale tunayolainishia mboga za kienyeji, uyasage, uyayeyushe katika maji moto na kuyachuja ili mchanga ubaki. Kijiko kimoja cha mezani kinatosha. Tia katika lita 8 za maji pamoja na kijiko cha sabuni ya kipande iliyokwanguliwa. Tumbukiza kitambaa kilichokwisha kuloweshwa, chemsha kwa moto wa wastani kwa saa moja hadi mbili, ukigeuza mara kwa mara. Maji yatageuka rangi ya chai ya rangi, na hapo utaelewa ni kiasi gani cha uchafu kilikuwa kimejificha. Yakiwa ya hudhurungi sana, mwaga, urudie kwa maji mapya. Kama huna sufuria ya stili wala ya enameli, chemsha kwa sabuni peke yake na ubadilishe maji mara mbili.

Suuza, anika, kisha ujaribu hivi: dondosha tone moja la maji kwenye kitambaa kikavu. Likinywewa papo hapo, endelea. Likisimama juu kama shanga, rudi kwenye sufuria. Usiruke jaribio hili hata ukiwa na haraka ya namna gani.

Siku ya pili: chai, kisha shabu

Sufu na hariri hushikana na shabu kwa urahisi. Pamba ni ngumu zaidi, na ndiyo maana tangu zamani wafuma pamba waliipitisha kwanza kwenye maji yenye tanini, yaani ule ukakasi unaokausha ulimi ukinywa chai iliyokolea. Sisi wa magharibi mwa Kenya tuna Kericho na Nandi karibu, basi tutumie chai. Majani ya mpera au maganda ya komamanga pia yana tanini ya kutosha.

Chemsha gramu 100 za majani makavu ya chai kwa nusu saa, chuja, ongeza maji ya uvuguvugu mpaka kitambaa kielee bila kubanwa. Kiloweke saa mbili au zaidi, ukigeuza. Kikamue, ukisuuze kidogo tu. Kitakuwa na rangi ya mchanga. Anayetaka madoa ya mafundo yabaki meupe kabisa aache chai, na badala yake akipitishe kitambaa kwenye hatua ya shabu mara mbili. Rangi itakuwa nyepesi kidogo, lakini weupe utang'aa.

Sasa shabu. Ni ile wanayouza vinyozi na maduka ya dawa za asili, na ndiyo hiyo hiyo inayotumika kutuliza tope katika maji ya ziwa kabla ya kuyanywa. Ponda gramu 40, yeyusha katika maji moto. Katika kikombe kingine yeyusha kijiko kimoja cha chai cha magadi. Mimina maji ya magadi ndani ya maji ya shabu kidogo kidogo kwa sababu mchanganyiko huo huumuka na kutoa povu. Tumia chombo kirefu. Povu likitulia, ongeza maji ya uvuguvugu hadi lita 8, tia kitambaa na ukiache usiku kucha. Kigeuze kila unapokumbuka. Sehemu ambayo imejikunja na haikuguswa na shabu itakuja kuonekana siku ya rangi kama baka, na hakuna dawa yake.

Asubuhi suuza mara moja tu. Halafu angalia unapoanika: waya yenye kutu ikigusa kitambaa chenye chai itakiachia mstari wa kijivu kisichofutika, kwa sababu chuma na tanini vikikutana huwa weusi. Baadaye tutautumia weusi huo kwa makusudi. Kwa sasa anika kwenye kamba ya plastiki, kivulini.

Kitambaa kilichofikia hapa unaweza kukikausha, kukikunja na kukihifadhi kwa miezi. Mimi napendekeza uandae kingi kwa wakati mmoja, kwani kuchemsha ndiko kunakokula makaa.

Mafundo

Kwanza elewa kanuni, maana ni moja tu: pale rangi isipofika ndipo hubaki picha. Kila nchi imeijibu kanuni hiyo kwa mikono yake. Watu wa Wari huko Peru walikuwa wakifunga na kutia rangi nguo zao zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, bila kuonana na Mhindi wala Mjapani.

Anza na mtindo wa Wayoruba wa kusini-magharibi mwa Nigeria, adire, uliokuzwa sana na wanawake wa Abeokuta mwanzoni mwa karne ya 20. Aina yake ya kufunga huitwa adire oniko, nao hutumia nyuzi za mwale. Sisi tuchane nyuzi za gunia la plastiki. Ni bapa, zina nguvu, hazinywi rangi na hazigharimu kitu. Weka punje ya mahindi au kokoto ndogo chini ya kitambaa, kivute kuizunguka, uzungushe uzi shingoni mara nane au kumi ukikaza kila mzunguko, ufunge. Utapata duara jeupe. Ukitaka duara ndani ya duara, shika kitambaa katikati, kinyooshe kama mwavuli uliofungwa, kisha funga mikanda kadhaa kuelekea chini. Nafasi kati ya mikanda ndiyo itakayonywa rangi. Kinachoharibu kazi ya wanaoanza ni uzi uliolegea. Baada ya kufunga, jaribu kuingiza ukucha chini ya uzi. Ukiingia, fungua ufunge upya.

Bandhani ya Gujarat na Rajasthan ni kazi ya subira zaidi. Familia za Kigujarati zilizoko Kisumu bado huivaa harusini, na ukipata nafasi ya kuitazama kwa karibu, hesabu vidoti kwenye upana wa kiganja kimoja, ndipo utaiheshimu. Mfungaji hubana kitambaa kidogo sana kwa ncha ya ukucha, akakizungushia uzi mwembamba wa pamba, akahamia kinachofuata bila kukata uzi. Jambo kubwa la kujifunza kwao ni mpangilio wa rangi: kutoka nyepesi kwenda nzito. Hufunga vidoti vitakavyobaki vyeupe, huchovya kwenye njano, hufunga vidoti vya njano, huchovya kwenye rangi nzito zaidi. Vidoti vyote hubaki vimefungwa hadi mwisho. Kwa jadi kitambaa huuzwa kikiwa bado na mafundo yake, ili mnunuzi ajue kimefungwa kwa mkono, naye hukivuta kwa nguvu pande mbili na mafundo yakafunguka yote. Kwa jaribio lako la kwanza, punje za dengu zitakupa vidoti vikubwa kuliko vya Gujarat, lakini mpangilio ni ule ule.

Japani ina shibori, na Arimatsu, mji wa zamani ambao sasa ni sehemu ya jiji la Nagoya, umeishi kwa kazi hiyo tangu mwanzoni mwa karne ya 17. Mitindo ni mingi. Nitataja miwili ninayoiona inafaa kwa mtu wa nyumbani. Wa kwanza, itajime, hauhitaji fundo. Kunja kitambaa kwa urefu, mbele na nyuma kama feni, kisha ukikunje tena kwa pembe tatu, kama sambusa, hadi kiwe kifurushi. Kibane kati ya vibao viwili vilivyolingana. Seremala yeyote ana mabaki ya vibao na atakukatia. Funga kwa kamba kali sana au tumia kibano cha seremala. Vibao vikifunika kifurushi karibu chote, utapata weupe mwingi wenye mistari myembamba. Vikiwa vidogo, rangi itatawala.

Wa pili ni wa kushona, na hapa wanaojua sindano watafurahi. Chora umbo kwa penseli, labda jani au samaki, ushone juu ya mstari kwa mishono mirefu ya kawaida, uzi ukiwa mara mbili na fundo kubwa mwanzoni. Ukishamaliza mistari yote, lowesha kitambaa, vuta nyuzi moja baada ya nyingine hadi kitambaa kijikusanye kabisa, ufunge. Waindonesia nao wana ushonaji kama huo, wanauita tritik. Uzi ukikatika wakati wa kuvuta umbo lote huharibika, kwa hiyo tumia uzi wa poliesta, wenye nguvu kuliko wa pamba.

Zingatia utaratibu: kuosha, chai na shabu huja kabla ya kufunga. Na kitambaa kilichofungwa kiloweke katika maji safi nusu saa kabla ya kukitia kwenye rangi. Maji hujaza sehemu zilizobanwa, na rangi inapokuja hukuta nafasi imekwisha kuchukuliwa.

Siku ya rangi

Nenda soko la Kibuye kwa wauza vitunguu. Ukisema, "Mama, niruhusu nikuokotee hayo maganda," utajibiwa, "Beba yote, mwanangu," maana unamsaidia kufagia. Chukua maganda makavu ya nje tu. Gramu 200 zinajaza mfuko mkubwa, maana ni mepesi. Vitunguu vyetu vyekundu hutoa kuanzia dhahabu iliyokolea hadi kijani cha zeituni kwenye pamba yenye shabu.

Chemsha maganda katika lita 8 za maji kwa saa moja, yaache yapoe, uyachuje vizuri; ganda likinasa kwenye kitambaa huacha doa. Tumbukiza kitambaa kikiwa kimelowa. Pasha moto taratibu mpaka mvuke upande na vipovu vidogo vionekane pembeni, ushikilie hapo kwa saa moja bila kuchemka kwa nguvu. Geuza kwa upole. Zima moto, uache kitambaa humo hadi kesho yake. Kumbuka kwamba kitambaa kibichi huonekana kimekolea kuliko kitakavyokuwa kikikauka.

Kokwa za parachichi hutoa waridi, jambo ambalo wengi hawaamini mpaka waone. Zioshe, zikatekate, gramu 250 kwa kitambaa chetu, uzipashe moto mdogo kwa saa mbili au tatu na chembe ya magadi. Maji yatazidi kuwa mekundu kadiri yanavyokaa. Zikichemka sana waridi hugeuka hudhurungi. Kokwa zina tanini yake, kwa hiyo zinaweza kushika hata bila shabu. Majani ya mwembe hutoa njano tulivu. Manjano ya jikoni hung'aa kuliko zote na hushika bila kuandaliwa, lakini jua huila haraka, na sabuni yenye magadi huigeuza nyekundu. Nitaitumia kwa mapambo ya ukumbi, sitaitumia kwa nguo ya kuvaa.

Na yapo ya kuacha. Biturudi hutoa maji mekundu ya kuvutia, ila kitambaa hakiyashiki. Sukumawiki haitakupa kijani cha kudumu. Nili, ile buluu ya Wayoruba na Wajapani, haifuati njia hii kabisa: haiyeyuki katika maji mpaka ichachushwe, nayo hushika pasipo shabu. Inahitaji mwongozo wake.

Maji ya kutu

Jaza mtungi nusu kwa misumari yenye kutu, tia siki na maji kwa kiasi sawa, uufunike bila kukaza kwa sababu hewa hutoka ndani. Baada ya wiki moja au mbili maji yatakuwa ya machungwa au meusi. Weka mbali na watoto.

Tia robo kikombe cha maji hayo katika lita 5 za maji ya kawaida, uchovye kitambaa cha njano kwa dakika mbili hadi tano. Kitageuka mbele ya macho yako: dhahabu huwa zeituni iliyoiva, waridi ya parachichi huwa kijivu chenye zambarau. Usizidishe, kwani chuma kingi huifanya pamba ichanike baada ya muda. Ukifunga mafundo mapya baada ya dhahabu na kabla ya kutu, utapata mpangilio wa bandhani: vidoti vyeupe, pete za dhahabu, uwanja wa zeituni.

Wafuma wa Mali hutumia kanuni hii kwa tope. Kitambaa chao cha bogolanfini hutiwa kwanza maji ya majani yenye tanini, kisha huchorwa kwa tope lenye chuma lililochachuka. Sisi tunaweza kuiunganisha na adire eleko, ile inayochorwa kwa wanga wa muhogo. Pika unga wa muhogo na shabu kidogo hadi uwe mzito kama gundi, uchore kwa unyoya wa kuku juu ya kitambaa kilichopitia chai, ukianike hadi kikauke kabisa. Paka maji ya kutu juu kwa brashi, kidogo kidogo bila kulowesha, kikauke, kisha uoshe. Mchoro utabaki mwepesi katika uwanja wa kijivu. Wanga hauwezi kustahimili sufuria ya moto, kwa hiyo hufaa kwa kazi baridi kama hii tu. Jaribu kwanza kwenye kipande.

Kusuuza, kufungua na kutunza

Suuza kitambaa kikiwa bado kimefungwa mpaka maji yawe meupe. Kianike kivulini hadi kikauke nusu, ndipo ufungue. Kata uzi kwa uangalifu mkubwa. Mkasi hauoni tofauti kati ya uzi na nguo. Ukimaliza, usikifue upesi. Kiache kipumzike kwa wiki moja, kisha fua kwa mkono na sabuni isiyo kali. Sabuni ya unga na ndimu, zote mbili, hubadilisha rangi.

Kabla hujamshonea mtu gauni, kata kipande kidogo, nusu yake uifunike kwa karatasi nene, ukiweke dirishani penye jua kwa wiki mbili. Ukifunua na nusu mbili zikalingana, shona.

Ukiwa na sufu

Aliye Nakuru ana kondoo wa Molo na Mau Narok karibu. Sufu haihitaji chai, na magadi usiyatumie kabisa kwa kuwa huidhoofisha. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini bila kuisugua, tia gramu 25 hadi 35 za shabu kwa robo kilo, ipashe moto taratibu kwa saa moja, na iache ipoe ndani ya maji yake. Ukiihamisha ghafla kutoka maji moto kwenda baridi, itajikaza iwe blanketi gumu. Kwenye maganda yale yale ya vitunguu sufu itatoka imekolea kuliko pamba.

Maji ya rangi yaliyobaki usiyamwage. Tia kitambaa kingine kilichoandaliwa, na kingine baada yake. Kila kimoja kitatoka chepesi kuliko kilichotangulia, na vitatu hivyo vikiunganishwa hufaa kwa kitambaa cha meza. Maji ya shabu nayo yatumie tena kwa kuongeza nusu ya kiasi cha mwanzo. Ya kutu, yakichoka, yamimine kwenye shimo mbali na kisima na mifugo.